Kesi za nyumbani zisimnyime mzazi usingizi

Tunapozungumzia shinikizo la damu katika kurasa za afya, aghalabu tunataja chumvi, mafuta, sigara, pombe na tabia ya kukaa kitako kutwa nzima. Hayo ni kweli. Hata hivyo, kuna chanzo kimoja cha mashaka ambacho mgonjwa hamwambii daktari, wala daktari hamwulizi mgonjwa. Nacho ni bahasha ya kahawia iliyofichwa juu ya kabati. Ndani yake mna barua ya wakili, au hati ya shamba ambayo ingali na jina la marehemu babu, au samansi inayomtaka baba afike kortini aeleze kwa nini hatoi pesa za matumizi ya watoto. Mwenye bahasha hupita hapo kila siku akijifanya haioni. Usiku ndipo humjia.

Msomaji, maoni yangu ni kwamba mambo ya sheria yanayohusu familia, yawe ya urithi, ya ulezi, ya matumizi ya watoto au ya vyeti, ni mambo ya afya. Tuyashughulikie kama tunavyoshauriwa kuishughulikia afya: mapema, kidogo kidogo na bila haya. Mara nyingi mzazi haumizwi na sheria yenyewe. Huumizwa na mambo matatu yanayoizunguka, yaani kutojua, kungojangoja na kunyamaza.

Tuanze na mwili. Mtu akitishika, mwili wake hutoa homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na sukari huongezeka katika damu ili apate nguvu za kupigana au kutoroka. Mpango huo ni mzuri kwa mtu anayefukuzwa na mbwa, kwani baada ya dakika chache hatari hupita na mwili hutulia. Kesi ya mirathi haipiti kwa dakika chache. Inaweza kuchukua miezi, hata miaka, na mzazi aishie humo akiwa kama mtu anayefukuzwa kila siku. Usingizi hupungua, kichwa humwuma, mabega hukaza na hasira huwa karibu. Mwenye kisukari au shinikizo la damu huona vigumu kulidhibiti gonjwa lake. Hata vidonda vya tumbo, ambavyo kwa kawaida huletwa na bakteria au dawa za kutuliza maumivu, humsumbua zaidi mtu aliyejawa na wahaka. Wapo wanaotafuta nafuu katika chupa, na hapo shida moja huzaa mbili.

Watoto nao hawasaliki. Mtoto ambaye wazazi wake wanamgombania huenda akaanza kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, au akalalamikia tumbo kila asubuhi ya siku ya shule, au akashuka masomoni bila sababu inayoonekana. Wazazi humpeleka kutoka zahanati moja hadi nyingine wakitafuta minyoo, kumbe kinachomla ni makelele ya sebuleni.

Sasa tulitazame jambo la kwanza, kutojua. Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba korti ni mahali pa wezi. Ndiyo maana mzazi akipata samansi ya kesi ya watoto hudhani pingu ziko njiani. Ukweli ni kwamba kesi ya matumizi au ya ulezi ni kesi ya madai, na haianzi kwa kumtia mtu hatiani. Korti ya watoto husikiza mambo hayo faraghani, bila umati wa watu wasiohusika kuja kusikiliza siri za nyumba yako.

Aidha, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto wao, wawe wameoana au hawakuoana. Katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Mama anayeijua sentensi hiyo haendi kuomba msaada kwa kichwa kilichoinama. Baba anayeijua hana haja ya kuona kwamba ameonewa, kwa sababu wajibu ni wa wote wawili, na mapato ya kila mmoja hutazamwa.

Isitoshe, si lazima muanzie kortini. Iko ofisi ya afisa wa watoto, ambaye anaweza kuwaita wazazi wote wawili wakazungumza mbele yake. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua mapatano ya maandishi kati ya wazazi kuhusu wajibu wao. Mapatano mazuri hayajai maneno makubwa. Yanataja nani atalipa karo, nani atalipa hospitali, chakula kitanunuliwa kwa kiasi gani, pesa zitatumwa tarehe ngapi, na mtoto atamtembelea mzazi wa pili siku zipi. Pesa zikitumwa kwa simu, ujumbe hubaki kuwa kumbukumbu, na ule ubishi wa “nilikupa” na “hukunipa” hupungua sana. Pungufu moja ya ubishi ni saa moja ya usingizi.

Jambo jingine linalowatia wazazi tumbo joto ni cheti cha kuzaliwa. Uzazi unapaswa kuandikishwa ndani ya miezi 6. Baadaye bado inawezekana, lakini safari za kwenda na kurudi huongezeka. Wazazi wengi hungoja hadi shule inapodai cheti, na hapo kila mtu hukimbia mbio. Kwa akina mama ambao hawakuolewa, palikuwa na uchungu zaidi, kwani sheria ilizuia jina la baba kuandikwa ikiwa baba hakukubali na hapakuwa na ithibati ya ndoa. Mwezi Mei 2016, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kizuizi hicho kilikiuka Katiba, na kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki ya jina la baba yake kuandikwa. Bado wako akina mama wanaobeba aibu ya zamani kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kisha upo wosia, neno ambalo likitajwa mezani watu huacha kula. Wengi huamini kuwa kuandika wosia ni kujiombea kifo. Lau ingekuwa hivyo, basi wanaonunua bima ya gari wangekuwa wanajiombea ajali. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haihitaji mambo ya kutisha. Mwenye kuandika awe mtu mzima mwenye akili timamu, na atie sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, ambao nao watie sahihi zao. Ni busara mashahidi hao wasiwe miongoni mwa watakaorithi. Aidha, wosia unaweza kumtaja mtu atakayewalea watoto wako wadogo endapo nyote wawili mtaondoka. Wakili ana manufaa, hasa ikiwa mali ni nyingi au wake ni zaidi ya mmoja, lakini ukosefu wa wakili usiwe kisingizio cha kukaa bila neno.

Wosia wa mdomo nao unatambuliwa, ila wengi hawajui masharti yake. Lazima uwe umesemwa mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na aliyeusema awe amefariki ndani ya miezi 3 tangu kuusema. Yale maneno ambayo mzee alisema chini ya mwembe miaka 5 kabla ya kufa, ambayo kila ndugu anayakumbuka kwa namna yake, hayatawaokoa. Kwa Waislamu, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu, na wosia hauzidi thuluthi moja ya mali. Korti ya kadhi ipo kwa ajili hiyo pale ambapo pande zote ni za Kiislamu na zimekubali kusikizwa huko.

Kuna na jambo dogo ambalo halihitaji korti wala wakili. Kumbuka ni jina la nani uliloandika kazini, katika bima na katika chama chako cha akiba na mikopo kuwa ndiye wa kupewa pesa zako ukifariki. Wako watu wenye watoto wanne ambao fomu zao zingali na jina la kaka waliyemwandika siku za ukapera. Kulibadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Kutolibadilisha kunaweza kuwagombanisha watoto wako na baba yao mdogo kwa miaka kumi.

Kifo kikishatokea, wahaka mkubwa hutokana na kutojua ni nani mwenye amri. Mjane huambiwa na shemeji zake afungashe kabla ya matanga kwisha, au ng'ombe huswagwa na gari huondolewa uani. Sheria iko wazi: hakuna mwenye ruhusa ya kugusa mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na sheria. Anayeiingilia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000 au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Anayetaka kusimamia mirathi huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi, kisha hupeleka maombi kortini. Mahakimu wana uwezo wa kushughulikia mirathi yenye thamani isiyozidi kiwango kilichowekwa, kwa hivyo si kila familia italazimika kwenda Mahakama Kuu. Maombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi aseme. Kwa kawaida msimamizi hungoja miezi 6 tangu kupewa hati kabla ya korti kuithibitisha na mali kugawanywa. Mjane ambaye ameambiwa mapema kuhusu miezi hiyo 6 ataihesabu kwenye kalenda. Ambaye hakuambiwa ataamini kila mwezi kwamba amedhulumiwa.

Hapo tumeingia katika jambo la pili, kungojangoja. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu vijana 57 waliolala katika maabara ya usingizi. Nusu yao walitumia dakika 5 kabla ya kulala wakiandika kazi zinazowangoja. Wengine waliandika kazi walizokwisha kumaliza. Waliooandika kazi zinazowangoja walipata usingizi mapema zaidi, kwa wastani wa dakika 9 hivi. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na vijana hao si wazazi wenye kesi, lakini unakubaliana na jambo ambalo bibi zetu walilijua. Neno likiwa kichwani huzunguka, likishatuliwa hupumzika.

Kwa hivyo, msomaji, nunua daftari la shilingi chache. Andika jambo la sheria linalokusumbua kwa sentensi moja. Chini yake andika hatua moja tu ya wiki hii, kwa mfano “Jumanne, kuchukua barua kwa chifu”. Usiandike “kumaliza urithi wa baba”, maana hiyo si hatua, ni mlima. Andika tarehe za korti, majina ya ofisi ulizokwenda, ulichoambiwa, na maswali unayotaka kuuliza. Barua za sheria zifungue asubuhi, ukiwa umekula, na mtu unayemwamini awe karibu. Usizifungue saa nne za usiku wakati ofisi zote zimefungwa na huna la kufanya ila kuhesabu dari.

Jambo la tatu ni kunyamaza. Mwanamume wa mjini hatawaambia wenzake kwamba ameshtakiwa na mama watoto. Mwanamke naye hataki majirani wajue kuwa ndoa imefika kwa wakili. Siri hiyo huwaka ndani kama makaa yaliyofunikwa na jivu. Simwambii mtu atangaze mambo yake katika matatu. Nasema achague mtu mmoja mwenye kifua, awe dada, rafiki au kiongozi wa dini, na amweleze yote. La pili, amweleze daktari. Daktari anayeona shinikizo la damu limepanda ghafula ataongeza dawa, lakini akijua kuna kesi ya shamba inayosikizwa mwezi ujao, atakuwa na ushauri mwingine pia.

Jihadhari tu na wale wanaojiita wasaidizi kwenye malango ya korti, wenye simu mbili na ahadi nyingi. Wakili wa kweli amesajiliwa, na jina lake linaweza kuulizwa katika Chama cha Mawakili. Mwulize ada yake mapema, na kila senti unayolipa dai risiti. Asiye na uwezo asikate tamaa. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wanyonge tangu 1973, na FIDA Kenya imewasaidia wanawake tangu 1985. Tangu 2016, sheria ya msaada wa kisheria imeipa Serikali yenyewe wajibu wa kuwasaidia wasiojiweza.

Wako watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni kushtaki upesi na kumwonyesha mwenzako cha mtema kuni. Sikubaliani nao. Kesi hujibu swali la nani amepata nini, lakini baada ya hukumu baba na mama wataendelea kukutana kwenye siku ya wazazi shuleni, kwenye harusi na kwenye mazishi. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inazitaka korti zikuze upatanisho. Tangu Aprili 2016, upatanishi chini ya korti umekuwa ukifanywa, ukianzia Milimani, Nairobi, katika kesi za familia na za biashara. Muda uliowekwa ulikuwa siku 60. Linganisha siku hizo na miaka ya kukodoleana macho ukumbini.

Lakini upatanishi una mpaka wake. Palipo na kipigo, vitisho au mtoto anayedhuriwa, usiambiwe ukae mezani na anayekuumiza ili nyumba isivunjike. Sheria ya kuzuia dhuluma za nyumbani ya mwaka 2015 inairuhusu korti kutoa amri ya kukulinda. Nambari 1195 hupokea simu za waliodhulumiwa, na 116 ni ya mambo ya watoto. Katika hali hiyo usalama kwanza, mapatano baadaye.

Sitaki kumtwika mzazi mzigo wote. Mama aliyefika ofisini saa mbili asubuhi akiwa na mtoto mgongoni, akaambiwa saa tisa kwamba faili haionekani, hawezi kutulizwa na daftari. Fomu nyingi ni za Kiingereza cha mawakili, ilhali Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Fomu ya matumizi ya mtoto inayosomeka kwa Kiswahili, meza ya maelezo yenye mtu anayejibu kwa upole, na tarehe inayoheshimiwa, vinaweza kuteremsha presha ya watu wengi kwa gharama ndogo. Zahanati nazo ziulize. Swali moja tu la muuguzi, “Je, kuna jambo la nyumbani linalokukosesha usingizi?”, linaweza kumwokoa mtu.

Wakati mambo yanaendelea, mwacheni mtoto nje ya faili. Asiwe tarishi wa kupeleka ujumbe, asiulizwe anampenda nani zaidi, asisomewe samansi, wala asinyimwe kumwona babu na nyanya kwa sababu ya hasira za wakubwa. Mwambieni kwa maneno machache kwamba wazazi wana jambo wanalolitatua, kwamba si kosa lake, na kwamba wote wawili wangali wake.

Nawe ujichunguze. Ukikosa usingizi au hamu ya chakula kwa zaidi ya wiki mbili, au ukaanza kunywa ili usahau, nenda hospitali. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako. Hakuna shamba wala kesi yenye thamani ya uhai wa mzazi.

Jumamosi hii, baada ya chakula cha mchana, ulizaneni nyumbani maswali matatu: vyeti vya watoto viko wapi, ni jina la nani lililo kwenye fomu za kazi na za chama, na watoto watabaki na nani sisi tukiwa hatupo. Majibu hayatachukua zaidi ya saa moja. Yakikosekana, mmejua pa kuanzia Jumatatu.